Mlipe mpima kabla hujamlipa mwenye nyumba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Tabata. Sisi wazima, na mguu wa mama yako umepata nafuu. Ama baada ya salamu: juzi uliponipigia ulisema mpima ardhi anataka shilingi 350,000 kwenda kuhakiki mipaka ya ile nyumba ya Chanika, na kwamba hizo heri ziende kwenye geti. Nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwa amekaa karibu, na jambo lenyewe linamgusa.

Nyumba inauzwa milioni 48. Dalali umemkubalia asilimia 5, yaani 2,400,000, wala hukunung'unika. Aliyekuonyesha mlango anapata zote hizo, na wa kukuonyesha ardhi yako inaishia wapi unamwona ghali. Hilo limenikosesha usingizi, mama.

Najua utasema nyumba ina hati, na umeshafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ukakuta jina la muuzaji na hakuna rehani ya benki. Umefanya vizuri sana. Lakini upekuzi unasoma karatasi. Hati inataja kiwanja namba fulani, kitalu fulani, ukubwa huu. Haikuambii kama nyumba uliyokaribishwa sebuleni ndiyo iliyokaa juu ya kiwanja hicho, wala kama ule ukuta mzuri wa tofali haujaingia barabarani mita mbili. Hayo hujulikana palepale kiwanjani. Mpima anachukua ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, anasoma koodineti, yaani namba zinazoonyesha kila kona ilipo, anakwenda na kifaa chake cha setilaiti kutafuta bikoni, zile alama za mpaka zilizopandwa kwenye kona. Zikiwa zimefukiwa anazifukua, zikiwa zimeng'olewa anaifufua mipaka upya. Humo kwenye 350,000 kuna usafiri, msaidizi wake, kukodi kifaa, ada za kupata ramani ofisini, na sahihi yake, ambayo siku ya kesi ataitwa kuitetea.

Sasa nikwambie la jiko.

Hapa tulinunua mwaka 1996. Muuzaji alihesabu hatua 20 kwa 20, mimi nikimfuata nyuma na karatasi. Mpaka ulikuwa minyaa na ule mwembe. Mjumbe alishuhudia, tukaandikishana, tukashikana mikono. Kijana mmoja mpima alinitaka 40,000 anipimie vizuri. Nikaona heri ninunue bati. Mwaka 2008 jirani akapimisha kwake. Kona ya kiwanja chake ikaangukia ndani ya jiko la nje la mama yako, hatua moja kutoka kwenye mafiga. Tulikwenda baraza la kata mara nyingi hata nikachoka kuomba ruhusa kazini. Karatasi yake ilikuwa na mita, yangu ilikuwa na hatua za mtu ambaye alishahama. Minyaa ilikuwa imekufa zamani.

Siku fundi alipobomoa, ukuta wa ndani ulikuwa mweusi tii kwa masizi ya miaka 12. Mama yako aliushika, akautazama mkono wake, akaingia chumbani bila kusema neno. Wewe ulikuwa darasa la tano. Uliporudi shule ukauliza jiko limekwenda wapi, nikakwambia lilichakaa. Halikuchakaa, mwanangu. Nilikudanganya kwa sababu niliona haya.

Na hiyo yetu ilikuwa ndogo. Unakumbuka 2017, nyumba zilivyobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, Kimara hadi Kiluvya? Hifadhi ya barabara pale ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati. Ukisimama barazani kwako huwezi kuuona umbali huo kwa macho. Mpima anauona kwenye ramani.

Kama eneo lingekuwa halijapimwa kabisa, hesabu ingekuwa nyingine, maana kwanza lazima mtaa mzima uwe na mchoro wa mipango miji ndipo kila mmoja apimiwe chake. Ndiyo maana watu huchangishana, na kwenye urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa serikali ilishusha gharama hadi 150,000 kwa kiwanja. Wewe umepata palipopimwa, mzigo mkubwa ulishabebwa na wengine.

Mpima usimchukue wa dalali, wala wa muuzaji hata akijitolea kumlipa. Mtafute wako, akuonyeshe usajili wake. Mpe nusu kabla na nusu akishakuonyesha bikoni zote kwa mguu, moja baada ya nyingine, huku mkisoma namba zake na kuzilinganisha na ramani. Majirani nao wawepo, watoke na watoto wao kama wakitaka. Na muuzaji asipokee hata senti ya utangulizi kabla ya siku hiyo. Akikuambia kuna mteja mwingine anakuja na pesa taslimu, mwambie amuuzie huyo.

Kama 350,000 imekubana, nina 200,000 ya kuku niliowauza. Usibishane nami katika hili.

Mwambie mkwe wangu Jumamosi nafika kwenu saa moja asubuhi, twende Chanika wote. Vaeni viatu vya kufunga, pale nyuma pana majani marefu. Jembe la kufukulia bikoni nitakuja nalo mimi.

Ni mimi baba yako akupendaye.