Mwarobaini na mmelia isiuzwe kama mti mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwatahadharishe wasomaji wenzangu wa Malindi juu ya jambo lililotupata mwezi uliopita, ambapo muuza miti shamba mmoja alimfungia mkazamwanangu majani makavu, akamwambia ni mwarobaini, dawa ya homa, achemshe anywe asubuhi na jioni. Mkazamwanangu ni mjamzito, na hakuulizwa. Nilipoyafungua nyumbani, yakiwa bado kwenye vikonyo vyake, nikaona kuwa hata mwarobaini hayakuwa. Yalikuwa ya mmelia.

Miti hii ni ya ukoo mmoja na wengi huichanganya. Vijani vya mwarobaini, ambao sisi huku huuita mkilifi, hujipanga pande mbili za kikonyo kimoja kisichogawanyika, hali kikonyo cha mmelia hutoa vikonyo vingine vidogo ndipo vijani viote. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya mmelia yana zambarau hafifu, na matunda yake ya manjano huendelea kuning'inia hata majani yakishapukutika. Matunda hayo ni sumu kwa mtu na kwa mnyama, nayo huanguka mahali watoto wanapocheza.

Sisemi kuwa mwarobaini hauna faida. Marehemu mama yangu alituogesha kwa maji ya majani yake tuliposhikwa na tetekuwanga, alitukatia vijiti vyake tupigie mswaki, na alitia majani makavu ndani ya mahindi ili fukusi wasiyale, jambo ambalo wataalamu wamelieleza, kwa kuwa mti huo una azadirachtini, kemikali inayowazuia wadudu kula na kukua. Lakini mama huyo huyo hakumruhusu mwenye mimba kunywa maji yale, wala hakukubali mtoto mchanga atiwe mafuta ya kokwa zake mdomoni. Kwake yeye miiko hiyo ilikuwa ni sehemu ya dawa, na alikuwa na haki: mafuta hayo yamewahi kuwadhuru vibaya watoto walionyweshwa, na majaribio juu ya wanyama yameonyesha kuwa yanaweza kuharibu mimba.

Kinachouzwa sasa ni majani bila miiko. Ninawaomba maafisa wa afya wa kaunti wakae na waganga wetu wazee, ambao ujuzi huu wanao, wakubaliane kuwa kila kifurushi kiandikwe jina la mti, sehemu iliyochumwa, na nani asiitumie. Na muuzaji asiyeweza kuutambua mti ungali umesimama asiruhusiwe kuuza majani yake.

Mkazamwanangu tulimpeleka zahanati siku ile ile, akapimwa damu, akakutwa na malaria, akapewa dawa inayofaa kwa mimba yake. Yale majani ningali nayo, na afisa atakayetaka kuyaona nitampelekea mwenyewe.

Msomaji wako,
Malindi