Wanafunzi wanaotaka uzoefu wafuate msimu, si korido za ofisi

Ndugu Mhariri,

Vyuo vya Mbeya vikifunga mwezi Julai, wanafunzi huanza kuzunguka mjini na bahasha za kaki. Ndani kuna barua ya kuomba kujitolea, nakala za vyeti na picha za paspoti. Wanaenda halmashauri, wanaenda benki, wanaenda ofisi za mkoa. Barua inagongwa muhuri wa kupokelewa, wanaambiwa watapigiwa simu. Wachache wanaobahatika hupewa kiti cha plastiki pembeni ya meza ya mtu, wakatumwa kutoa fotokopi na kufuata chapati mpaka chuo kifunguliwe. Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa huku Mbozi. Ninachotaka kuwaambia vijana hao ni kwamba wanabisha hodi mahali ambapo kazi zilishagawanywa zamani, wakati miezi hiyohiyo sisi huku tumezidiwa.

Tazama kalenda. Kahawa ya Mbozi huanza kuiva Mei na kushika kasi Juni, Julai na Agosti. Mahindi yanavunwa wakati huohuo. Iringa nako kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho kipindi cha wageni wa Hifadhi ya Ruaha. Na likizo ndefu ya vyuo vingi ni Julai mpaka Oktoba, miezi ambayo fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo haiingii na mwanafunzi anarudi kuwa mzigo wa mama yake. Kazi na mtu wa kuifanya vinaangukia miezi ileile, halafu vinapishana barabarani: kijana anatoka kijijini Mbozi kwenda kutafuta kujitolea Mbeya mjini, anapita mbele ya ghala letu akiwa ndani ya Hiace.

Kazi yenyewe ikoje? Jioni wakulima wanafika kwa pamoja, wengine na baiskeli, wengine na bodaboda, wote wanataka kupimiwa kabla ya giza. Mmoja anasoma mizani, mmoja anaandika, mmoja anakata stakabadhi. Uzito wa gunia lazima utolewe. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, 48.5 ikawa 45.8, mkulima amepoteza kilo karibu tatu, na usidhani hatajua, kwa sababu ameshapima nyumbani. Daftari letu lina akina Nzunda na Simbeye wengi, wengine wanafanana mpaka jina la baba, kwa hiyo anayeandika jina bila namba ya mwanachama anatutengenezea ugomvi wa siku ya malipo. Usiku ndipo jumla ya stakabadhi inatakiwa ilingane na jumla ya ghalani. Isipolingana hakuna kulala, mnapekua kimoja kimoja.

Mwanafunzi wa uhasibu aliyepitia hayo msimu mmoja anajua usuluhishi wa hesabu kwa namna ambayo hakuna mhadhara utamfundisha. Wa kompyuta naye ana pa kushika. Siku hizi vyama vinatakiwa kuingiza taarifa kwenye MUVU, mfumo wa kompyuta wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika wa kusimamia vyama, na makarani wetu wengi ni watu wazima waliozoea kalamu. Kompyuta wanaiheshimu kama mkwe. Akija kijana mwenye subira, akakaa na karani badala ya kumnyang'anya kibodi, anapendwa na kijiji kizima. Wa sheria anaweza kusoma mikataba ambayo wenyeviti huweka saini bila kuifungua. Wanaosomea uuguzi na udaktari wana utaratibu wao, siwaingilii.

Najua wapo watakaosema kahawa si fani yao. Lakini niulize, kupokea wageni ofisini kulikuwa fani ya nani? Nilipokaa kwenye usaili wa kumtafuta karani wetu, waombaji karibu wote walikuwa na barua zinazosema fulani "alijitolea katika ofisi yetu na alionyesha nidhamu". Nidhamu ya kufanya nini? Mmoja tu alikuwa na barua iliyotaja kwamba alipokea mazao, alitunza leja ya wanachama na alikuwepo mkaguzi wa COASCO, shirika la serikali linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, alipokuja. Huyo hatukumuuliza maswali mengi. Kwa hiyo kijana, unapomaliza, usikubali barua ya nidhamu. Omba kwa adabu iandikwe ulichokifanya, tena mwandikie rasimu mwenyewe umpelekee asaini, maana mabosi wetu ni wavivu wa kuandika.

Tena kuna jambo ambalo wanafunzi hawaambiwi: ajira ya muda mara nyingi haitangazwi. Msimu ukiisha, hesabu haziishi. Kuna malipo ya pili, kuna makato ya pembejeo, kuna taarifa za mwaka. Chama kidogo hakina uwezo wa kuajiri mhasibu msaidizi wa mwezi mzima, ila kinaweza kumlipa mtu wa Jumamosi, au wa kuandaa majedwali akiwa hosteli na kuyatuma kwa simu. Tunamtafuta nani? Yule ambaye tayari anajua akina Nzunda wetu ni wepi. Kutoka Mbeya mpaka Vwawa si mbali, shida ni malori ya Tunduma. Siku yakipanga foleni hujui utafika saa ngapi.

Sasa niwageukie wenzangu tunaowapokea. Mkono mtupu haulambwi. Mtoto wa watu anayeshika mizani tangu mchana mpaka usiku anastahili nauli na chakula tangu siku ya kwanza, na akishaiweza kazi anastahili posho kama kibarua mwingine yeyote wa msimu. Kuna vyama, na ofisi kubwa kuliko vyama, vinavyomweka mtu mwaka mzima vikimwita "wa kujitolea" huku ana funguo za ofisi. Wajue kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inaweza kumhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa amemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni wiki moja tu ya kazi. Jina mnalomwita halibadilishi chochote.

Na mwanafunzi naye akae macho. Kabla hujaanza, pata karatasi inayotaja tarehe ya kuanza na kumaliza, kazi zako, na nani msimamizi wako. Usishike fedha taslimu za wakulima bila maandishi ya makabidhiano, hata ukiambiwa unaaminiwa. Pesa ikipungua, mgeni ndiye wa kwanza kutazamwa. Ukiona siku zinapita na unachofanya ni kutumwa dukani, aga uondoke.

Ombi langu kwa ofisi za ushirika za mikoa ya Songwe, Mbeya, Iringa na Njombe ni dogo. Mwezi Aprili, kabla wanafunzi hawajazama kwenye mitihani, zikusanye orodha ya vyama vinavyohitaji wasaidizi wa msimu, vinahitaji wangapi, kwa posho gani, na kama kuna pa kulala. Orodha hiyo ipelekwe kwa walezi wa wanafunzi vyuoni, ibandikwe kwenye mbao za matangazo. Anayekuja aje na barua ya chuo, kitambulisho cha NIDA na koti zito. Julai huku kuna baridi kali, na mizani iko nje.

Mhasibu wa ushirika,
Vwawa, Mbozi