Mheshimiwa Seneta, ugatuzi haujapanda feri

Kwa Seneta wa Kaunti ya Mombasa,

Mheshimiwa, salaam aleikum. Nakuandikia kutoka Likoni, ng'ambo ya feri kutoka mjini, kuhusu mtaro.

Uko nyuma ya kibanda ninachoshonea nguo, na umeziba. Kila ikinyesha, maji meusi hupanda kizingiti nami nikatundika vitambaa vya watu misumarini. Nilikwenda kwa msimamizi wa wadi. Kijana muungwana, hakunizungusha. Alinipa kiti, akaandika malalamiko yangu kwenye daftari, akagonga mhuri. Nikamuuliza, sasa? Akacheka kidogo: "Mama, mimi hapa nina daftari na mhuri. Hela ziko mjini." Kazi ya watu wawili na koleo, asubuhi moja tu, lakini karatasi sharti ivuke feri ikatafute sahihi. Haijarudi.

Simshtaki yeye. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ilimtambua msimamizi wa wadi, ikampa kazi chungu nzima. Idhini ya kutumia pesa ikabaki kwa wakubwa wa idara. Na hapa Mombasa tuna wadi 30. Kifungu cha 176 cha Katiba kinaiagiza kila kaunti igatue, yaani ishushe hadi mashinani, kazi na huduma zake kadiri inavyowezekana. Kuzibua mtaro kunawezekana, ama vipi?

Najua Nairobi nayo ina lake. Mgao ukichelewa Hazina ya Taifa, kaunti hubaki kuhangaikia mishahara, na mtaro wangu nani ataukumbuka? Hata feri: Jedwali la Nne la Katiba limeitaja miongoni mwa kazi za kaunti, na hii yetu ya Likoni bado iko chini ya serikali kuu. (Hilo hunijia nikiwa nimebanwa kwenye umati, nangoja kuvuka.) Mna haki ya kulalamika. Lakini anayelia kwamba kashikiwa funguo, asitushikie na sisi zetu.

Ombi langu: peleka mswada Seneti, sheria ile irekebishwe. Kila wadi iwe na fungu dogo la ukarabati, na matumizi yake yabandikwe mlangoni kila mwezi. Wataniambia wizi utashuka hadi wadini. Labda. Ila mwizi wa wadini nyumba yake naijua, hata kanzu yake huenda niliishona mimi.

Masika hayako mbali. Vitambaa nimeshaanza kuvitundika.

Wako,
Mshonaji wa Likoni