Salmoni anaungua nje, ndani mbichi? Sosi umeiwahisha

Kuna dada mmoja mteja wetu alichukua vipande vinne vya salmoni Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi akatutumia picha WhatsApp, kipande juu cheusi kama mkaa, pembeni kimetoa vitu vyeupe kama ute wa yai ulioiva, na chini ya picha kaandika tu "samaki wenu huyu". Hakuna salamu wala nini. Nikamuuliza, "dada yangu, umempikaje?", akasema kafuata video, kachanganya asali na soya sosi, kamlowesha samaki usiku kucha, halafu kamtia kwenye oveni moto wa mwisho nusu saa nzima. Basi sikuuliza zaidi, maana hata mi nilishafanya hivyohivyo, tena siku ambayo mawifi wamekuja kula kwangu, moshi ukajaa nyumba nzima mpaka jirani akagonga geti kuuliza kama kuna usalama. Tulikula mayai siku hiyo.

Na sio yeye peke yake, kila wiki lazima apatikane mmoja mwenye picha ya aina hii, na bei ya salmoni mnaijua, sio ya dagaa, mtu akiunguza anaumia kweli. Kwa hiyo acha nieleze hapa mara moja.

Tatizo ni sukari. Sosi yoyote ya kung'aa, iwe ya asali, ya sukari guru au ile teriyaki ya Wajapani inayouzwa kwenye chupa, inang'aa kwa sababu ina sukari, na sukari kwenye moto mkali haina subira. Asali ndo mbaya zaidi, inaanza kubadilika rangi mapema kuliko sukari ya kawaida, yaani samaki katikati bado wa baridi huku juu tayari kunaelekea weusi. Sasa wewe ukiona juu kumeiva unamtoa, ndani mbichi, ukimrudisha ndo anakuwa mkaa. Mchawi ni saa uliyoipaka ile sosi.

Na hili sio jambo geni kwetu kabisa. Samaki wa kupaka wa pwani anapikwaje? Anachomwa kwanza mwenyewe na viungo vyake mpaka anakaribia kuiva, ndo unakuja na tui zito na ukwaju unapaka, unageuza, unapaka tena, kila safari kidogo, hakuna mama wa Tanga wala Mombasa anayemwagia tui samaki mbichi halafu akamtupa kwenye mkaa. Salmoni wa sosi ni mambo yaleyale, ndo maana hapa dukani tumezoea kumwita salmoni wa kupaka na wateja wameshalizoea jina.

Haya, tuanze tangu kwenye friza. Salmoni tunaouza sisi ni wa kufugwa Norwei, kule wanafugwa baharini kwenye vizimba vya nyavu, maji ya baridi, hapa kwetu Bahari ya Hindi humpati hata ukeshe soko la samaki la Feri. Anakuja kagandishwa kwenye pakiti isiyo na hewa. Mtoe friza usiku muweke friji chini, kesho yake jioni yuko tayari. Lakini hapa naomba mnisikilize vizuri: hiyo pakiti ifungue au itoboe kabla hajaanza kuyeyuka, kuna bakteria wanaotoa sumu ambao wanapenda sana sehemu isiyo na hewa. Umechelewa na wageni wako njiani? Mtoe kwenye ile pakiti, mtie kwenye mfuko mwingine mzima usiopitisha maji, zamisha kwenye beseni la maji ya baridi, badilisha maji kila nusu saa, kwa vipande vya kawaida inachukua kama saa moja hivi. Maji ya moto hapana, na kumwacha juu ya kaunta mchana kutwa kwa joto la Dar hapana kabisa.

Vile vyeupe sasa, maana maswali mengi ni hapo. Kuna kaka alinipigia kabisa kwamba tumewachoma samaki dawa! Ile ni protini ya samaki mwenyewe, inaitwa albumini, nyama ikipata moto inajikunja na kuikamua nje, ikifika juu inaganda inakuwa nyeupe. Haina madhara yoyote, kula tu. Ila ikitoka nyingi ujue moto ulikuwa mkali sana au umempitiliza. Ukitaka ipungue, koroga kijiko kimoja kikubwa cha chumvi kwa kila kikombe cha maji, mlaze humo dakika 10 tu, mtoe, mkaushe. Ukifanya hivo usimwekee chumvi nyingine, soya sosi inatosha.

Na nikisema mkaushe namaanisha mkaushe, chukua tishu ya jikoni mpapase juu chini na pembeni mpaka tishu inatoka kavu. Samaki aliyelowa hapati rangi, anachemka, na sosi inateleza yote inaishia kwenye trei. Hapohapo pitisha kidole katikati ya mnofu, ukisikia kitu kinachoma ni mwiba, kuna vijiti vidogo huwa vinabaki, vuta na kibanio cha nyusi kufuata kulekule unakoelekea. (Kinunulieni cha jikoni jamani, sio kile cha kwenye dressing table.)

Sosi. Kwa vipande vinne, kila kimoja kama gramu 150 au 180, mi naweka asali vijiko vikubwa 3, soya sosi vijiko 3, punje 3 za kitunguu saumu zilizopondwa, tangawizi ya kukwaruza kiasi cha kidole gumba na pilipili kama mnapenda. Weka kwenye sufuria ndogo moto wa wastani. Mwanzo itatoa mapovu madogomadogo ya haraka kama soda, usiondoke, usishike simu, baada ya dakika 3 au 4 utaona mapovu yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka polepole na harufu inabadilika inakuwa kama kashata. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwa kijiko, njia ikibaki wazi bila kuzibika, zima. Ndimu kamulia baada ya kuzima. Halafu gawa mara mbili, nusu bakuli la kupaka, nusu la mezani, kwa sababu brashi iliyogusa samaki mbichi hatuirudishi kwenye sosi ya kulia.

Asiyetaka asali atumie ukwaju na sukari guru, tena kwangu mimi hiyo ndo tamu zaidi, salmoni ana mafuta mengi na ule uchachu unayakata vizuri sana. Mume wangu hakubaliani na mimi ila yeye hapiki.

Oveni washa nyuzi 200, iache ipate moto kweli. Trei weka foili, paka mafuta, samaki ngozi chini, juu mpake mafuta kidogo na pilipili manga. Mwingize MTUPU. Kipande chenye unene wa kama sentimita 2.5 kinakaa dakika 6 au 7 bila sosi. Kisha toa, paka mkono wa kwanza, rudisha dakika 3. Toa, paka wa pili, dakika 3 tena. Hapo anakuwa kama kapakwa vanishi. Ukitaka zile kingo ziungue kidogo washa moto wa juu dakika moja, lakini simama hapo uangalie, moja na nusu ni habari nyingine.

Angalia unene, uzito usikusumbue. Kipande cha mkiani ni chembamba, kinawahi, cha kati kinachelewa, ukivipika pamoja kimoja lazima kikuangushe, kwa hiyo cha mkiani kiingize baadaye. Kuiva unajua kwa kubonyeza na uma sehemu nene, nyama inaachia kwa mapande mapande, na ndani imetoka kwenye ule wekundu wa kioo imekuwa ya pinki isiyopitisha mwanga. Wenye kipimajoto, mamlaka za chakula Marekani zinasema nyuzi 63 katikati, mahoteli mengi wanamtoa kabla ya hapo ili abaki laini, lakini kwa mjamzito, mtoto mdogo au mzee mpeleke mpaka 63, msijaribu ufundi.

Huna oveni? Wengi hamna na wala sio tatizo. Fraipani, mafuta kidogo, moto wa kati, ngozi chini dakika 5 au 6 bila kumgusagusa, ngozi ikikauka anaachia mwenyewe, ukimlazimisha ngozi inabaki kwenye pani. Geuza dakika 2, punguza moto kabisa, mwaga sosi pembeni, inamisha pani uwe unachota na kijiko unammwagia juu nusu dakika hivi, basi. Wenye eafraya nyuzi 190, dakika 6, paka, dakika 2 nyingine.

Swali la rangi nalo huwa halikosekani, kwamba mbona pinki sana, kapakwa? Hapana. Salmoni wa porini anapata rangi kwa kula kamba wadogo wadogo, wa kufugwa rangi ya aina hiyohiyo inachanganywa kwenye chakula chake. Ni kama flamingo wa Ziwa Natron, nao ule upinki wao unatoka kwenye wanachokula.

Kwa wale ambao mfuko umebana mwezi huu, chukueni nguru, sosi ileile. Ila nguru hana mafuta kama ya salmoni, anakauka haraka, mpake mafuta zaidi na anza kumwangalia dakika 2 mapema. Sangara pia anakubali, mnofu wake ni laini kwa hiyo kwenye fraipani geuza kwa mwiko mpana.

Sisi na wali mweupe na mchicha wa kukaanga tunamaliza, na kilichobaki friji siku 2, baridi hivyohivyo ndani ya chapati, usimpashe sana anakuwa kama sponji.

Ukija dukani sema "vipande vya kupaka", kijana anajua, atakukatia vya katikati vyenye unene sawa na kuvuta miiba, hatuongezi pesa. Yule dada alirudi Jumanne, kachukua viwili tu. Picha aliyotuma safari hii haikuwa na maneno, na sahani ilikuwa tupu.