Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kahawa: namba ya shamba ikae mkononi mwa mkulima

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka miteremko ya Mlima Elgon, wilayani Sironko, Uganda, ambako kahawa ya arabika ndiyo inayosomesha watoto wetu, inayoezeka nyumba zetu na inayogharimia hata mazishi yetu. Ningependa kukuandikia kwa faragha, kama inavyompasa raia anapomwandikia kiongozi wake, lakini barua za faragha mimi na majirani zangu tumeziandika na majibu hayajafika. Ndiyo maana hii naiandika mbele ya watu.

Wiki iliyopita nilipeleka kahawa yangu ya maganda, iliyooshwa na kuanikwa juu ya vichanja kama tulivyofundishwa, kwa wakala wa mnunuzi ambaye nimemuuzia misimu mingi. Wakala alipima unyevu, akaridhika, kisha akaniuliza namba ya shamba, yaani namba ya usajili inayoonyesha shamba liko wapi. Nilipomjibu kuwa sina, akasema kahawa isiyo na namba inanunuliwa kwa bei ya chini kwa sababu haitaruhusiwa kuingia Ulaya. Jirani ninayepakana naye, ambaye mibuni yake tuliipanda msimu mmoja na yangu, alilipwa bei kamili, maana shamba lake lilisajiliwa na mnunuzi huyo huyo. Lakini hata yeye hana karatasi yoyote. Namba yake iko katika kompyuta ya mnunuzi, na siku akitaka kumuuzia mtu mwingine atakuwa mkulima asiyejulikana kama mimi. Fedha niliyorudi nayo nyumbani haikufikia ada ya muhula, na binti yangu hajarudi shuleni hadi leo ninapoandika.

Sheria inayoleta masharti hayo ya namba ni ile iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2023, inayotaka kila mzigo wa kahawa uonyeshe shamba ulikotoka, na kwamba shamba hilo halikufyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake uliahirishwa mwaka 2024, ukaahirishwa tena mwaka 2025. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, sheria inaridhika na nukta moja tu ya ramani, kazi ambayo kijana mwenye simu anaimaliza akiwa amesimama katikati ya mibuni yangu. Vijana wa namna hiyo walikuja kweli, wakatuambia kwamba usajili ni wa serikali, ni bure, na kila mkulima atapewa namba yake kabla ya mavuno. Walisajili upande mmoja wa kilima, wakaahidi kurudi upande wetu. Mavuno yamekuja, wao hawajaja. Sisi huku tunahisi kwamba kazi hiyo ilipoteza msimamizi wake katika mabadiliko yaliyofuata sheria ya mwaka 2024 ya kuiingiza Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa wizarani. Kama sababu ni nyingine, tunastahili kuelezwa.

Mheshimiwa, najua kwamba wasomi wa uchumi wa dunia wamebishana kuhusu zao hili kwa miaka mingi, na mabishano hayo si mageni kwetu, kwa sababu kila upande ulioshinda umetupitia. Kulikuwa na enzi ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1962, ambapo nchi zinazolima na zinazonunua zilikubaliana viwango vya mauzo vya kila nchi inayolima ili bei isiporomoke, na hapa kwetu Bodi ya Kahawa ya serikali ikawa muuzaji pekee wa kahawa nje ya nchi. Viwango hivyo vilivunjika Julai 1989, bei ikaanguka vibaya, na baada ya 1991 serikali ikafungua soko kama ilivyoshauriwa na wakopeshaji wake. Waliotetea soko huria walikuwa na hoja, na sitaikana: mkulima alianza kulipwa taslimu, na sehemu ya bei ya nje inayomfikia ikaongezeka. Ila tangu hapo hatari yote ya bei inayopangwa katika masoko ya New York na London imekaa juu ya mgongo wake, kama ilivyoonekana bei ilipoporomoka tena mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Upande wa pili wapo waliofuata hoja ya wachumi Raúl Prebisch na Hans Singer ya mwaka 1950, kwamba nchi inayouza mazao ghafi itazidi kuuza zaidi ili inunue kilekile. Rais mwenyewe amerudia mara nyingi kwamba biashara ya kahawa duniani ina thamani ya dola bilioni 460 na nchi zinazolima zinaambulia bilioni 25 tu. Nakubaliana naye. Lakini viongozi wetu wengi wanaishia hapo, wakilaumu ushuru wa wazungu, wakati tangu mwaka 2001 Ulaya imeziruhusu nchi maskini kama yetu kuingiza bidhaa zote bila ushuru isipokuwa silaha, na kahawa iliyokaangwa imo. Kinachotuzuia ni mtaji, umeme, masoko ambayo wakaangaji wakubwa wameyashika, na sasa habari za mashamba yetu wenyewe. Anayemiliki habari hizo ndiye anayeamua nani auze, kwa nani na kwa bei gani. Soko huria halipo pale ambapo mkulima hawezi kumwacha mnunuzi bila kupoteza utambulisho wake, na kahawa ya kukaanga hapa nchini haitapatikana ikiwa kila gunia limekwisha kufungwa kwa mnunuzi wa nje tangu shambani.

Tunahimizwa kufikisha mifuko milioni 20 kwa mwaka. Tumepanda miche, tumeitunza, tumechuma matunda mekundu pekee kama mlivyotuagiza. Sisi tumetimiza sehemu yetu.

Siombi ruzuku, siombi mbolea, wala siombi serikali ipigane na Ulaya kwa ajili yangu. Ninaomba usajili ufike upande wetu wa kilima kabla msimu huu haujafungwa, na kila mkulima apewe karatasi yenye namba ya shamba lake, namba ambayo mnunuzi yeyote, chama chochote cha ushirika na mkaangaji yeyote wa Mbale au Kampala ataitambua. Kama maafisa ni wachache, vijana wetu waliomaliza shule wapo na simu wanazo. Wafundisheni, tutawalisha sisi. Namba hiyo itolewe na serikali na ikae mkononi mwa mkulima. Nasubiri jibu lako, Mheshimiwa, na safari hii naomba liwe la maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa kahawa, Sironko