Barua kwa Mama Lusajo, kuhusu vile vitabu

Mama Lusajo wangu,

Habari za Mafinga? Huku Uyole baridi ndo imeshika kweli, nakuandikia nimejifunga khanga mbili na jiko la mkaa liko miguuni. Meseji yako niliiona juzi nikasema hii sio ya kujibu kwa haraka, ngoja nikae.

Unataka kitabu kimoja cha mambo ya ajabu wasome wanao wote watatu. Mwenzangu, hicho hakuna. Mi nilishajaribu, niliokota kimoja Mwanjelwa kwenye mtumba, jalada zuri lina joka, nikawasomea wangu wote usiku mmoja. Mkubwa akasinzia, wa kati akafurahi, huyu mdogo wiki nzima haendi choo cha nje mpaka ashikwe mkono, na wa kumshika ni mimi, saa nane usiku, na baridi hii!

Kwa hiyo Gwamaka usimnunulie kitu, we msimulie tu. Sungura na fisi, akizichoka mwambie habari za Ziwa Ngosi, ziwa zima limekaa juu mlimani ndani ya shimo la volkano, kwa mtoto wa chekechea hayo ni maajabu tosha. Ila dude la kutisha lazima life au likimbie kabla hujazima taa, mambo ya "itaendelea kesho" muachie redio.

Atupele sasa, miaka tisa, hapo ndo patamu. Mtafutie The Hobbit, cha zamani kile, cha 1937, kuna kijitu kifupi kinapenda kula kinatolewa kwake na mbilikimo 13 waende kudai dhahabu yao kwa joka. Kingereza chake kitamshinda mtoto wa kayumba, usimwachie peke yake, soma ukurasa halafu mwambie kwa Kiswahili. Sisi umeme ulikuwa umekatika tuna mshumaa tu, tukafika pale kijitu kiko pangoni gizani kinategeana vitendawili na kiumbe kinachotaka kumla, mimi bila hata kufikiria nikasema "Kitendawili!" chumba kizima kikaitikia "Tega!" Kimoja jibu lake ni meno, wangu wa kati akakipata kabla kile kiumbe hakijafungua mdomo, mpaka leo anatembea kifua mbele.

Lusajo najua anataka Harry Potter, si wenzake bwenini wanazo. Viko saba, cha kwanza kilitoka 1997, usinunue vyote kwa mpigo hata ukivikuta bei ya kutupa. Yule mtoto anayesomea uchawi anaanza na miaka 11, kila kitabu anakua mwaka na mambo yanazidi kuwa mazito, mwishoni mwa cha nne mwanafunzi mwenzao anauawa kabisa. Fomu wani anamudu, ila Atupele atavichomoa chini ya godoro la kaka yake, hivyo vya mwisho kaa navyo wewe. Na mama mkwe akiona zile fimbo kwenye jalada utaitiwa maombi, mi simo. Akianza muonyeshe kile cha simba cha Narnia, cha 1950, mchawi yumo tena mwanamke, lakini mwandishi alikuwa Mkristo wa kuandika mpaka vitabu vya dini, na simba anakubali kufa badala ya mtoto aliyekosa. Ataelewa mwenyewe.

Nilitaka kusahau, Lusajo mpe na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Jamaa anachapa manyani wawili kila usiku kwa amri ya jini, kumbe ni ndugu zake wa damu! Atalalamika Kiswahili kigumu, mwache alalamike, wangu alilalamika hivyohivyo na akakimaliza kwa siku mbili.

Hobbit yangu nampa kondakta Ijumaa, kaipokee stendi. Kurasa mbili za mwisho zilichanika, mkifika hapo nipigie niwasimulie.

Wako,
Mama Tumaini