Nimshauri vipi mume wangu, aendelee kucheza au awe kocha?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Marekani na mume wangu, Mmarekani mwenye umri wa miaka 32 ambaye kazi yake ni besiboli. Tangu amalize chuo amechezea ligi ndogo tu, leo klabu hii na kesho ile, na amefika hadi Triple-A, ngazi iliyo chini kidogo ya Ligi Kuu, lakini Ligi Kuu yenyewe hajaitwa hata kwa siku moja. Jambo hilo linamuuma sana, kwa sababu ya heshima na pia kwa sababu mchezaji anayefikisha siku 43 huko hupata haki ya pensheni.

Klabu aliyomaliza nayo msimu haikumpa tena mkataba wa kucheza. Badala yake imemtaka awe kocha wa wapigaji, yaani wale wanaoupiga mpira kwa gongo, katika timu yake ya Single-A, ngazi ya ligi ndogo iliyo chini ya Triple-A, na inasubiri jibu kabla ya mazoezi ya Februari. Wakati huohuo wakala wake anamwambia kwamba huenda akapata timu ya kuchezea nchini Mexico.

Kwa maoni yangu, ukocha ndiyo kazi aliyoumbiwa. Usiku, watoto wakishalala, wachezaji vijana humtumia video zao wakipiga, naye huzitazama polepole, akizirudisha nyuma mara kwa mara, mpaka agundue kwamba kisigino cha mguu wa mbele kinachelewa kukanyaga, au kwamba mikono imetangulia nyonga. Mpira wa kasi humfikia mpigaji kwa takribani sekunde 0.4, hivyo kasoro ndogo kama hiyo inatosha kumfanya apige hewa. Kijana mmoja kati yao alipoitwa Ligi Kuu, alimpigia simu mama yake, kisha mume wangu. Furaha niliyoiona usoni pake wakati akizungumza na kijana yule, sijaiona kwa muda mrefu anapotoka uwanjani mwenyewe.

Nimemkumbusha habari za Kevin Long, ambaye hakuwahi kucheza Ligi Kuu, lakini alikuwa kocha wa wapigaji wa New York Yankees walipotwaa ubingwa mwaka 2009, na wa Washington Nationals mwaka 2019. Hunijibu kwamba siku hizi klabu huajiri hata wasiowahi kucheza besiboli ya kulipwa, kama Rachel Balkovec aliyechukuliwa na Yankees, kwa hiyo miaka yake yote ya uwanjani haihesabiki. Sikubaliani naye hata kidogo, maana kijana aliyekaa wiki nzima bila kupiga mpira wa maana anamhitaji mtu aliyewahi kupitia hali hiyo.

Suala la fedha nalo lipo, kwa kuwa makubaliano ya mwaka 2023 yaliyopandisha kima cha chini cha Triple-A hadi dola 35,800 kwa mwaka ni ya wachezaji, si ya makocha. Hata hivyo, hilo tunaweza kulipanga.

Linalonishinda ni namna ya kumwambia. Ameniuliza waziwazi nionavyo, nami nachelea kwamba nikimwambia akubali ukocha, atasikia mkewe akimwambia kwamba ameshindwa. Nikinyamaza, huenda akaenda Mexico na nafasi hii akapewa mwingine. Je, nimweleze yote kabla hajajibu, na nianzie wapi?

Msomaji wako,
Mama wa wawili, Arizona